Jinsi ya kutunza daftari la Kombe la FA ukiwa huku Kusini: anza na aliyefungwa

Jamaa mmoja wa Mtwara alikuja hapa Lindi kwenye msiba, baada ya mazishi akakaa na sisi kijiweni, kahawa ya pili tu akaanza kuapa kwamba ile fainali ya FA ya Azam na Lipuli ilichezwa Nangwanda. Nangwanda Sijaona, Mtwara! Mimi siku ile nilikuwa Ilulu, uwanja wetu wa hapa Lindi, na funga yangu, koo limekauka kama gome la mkorosho, afu mtu anaibeba fainali yetu anaihamishia kwao kilomita mia na kitu. Tulibishana mpaka kashata zikaisha kwenye sinia. Kilichoniuma sio yeye kukosea, binadamu wote tunakosea, kilichoniuma ni kwamba pale tulikaa watu sita wa Lindi tupu na watatu walishaanza kumwamini.

Kesho yake nikanunua kaunta buku ya kwaya tatu. Sahivi liko karibu kujaa na watu wananiuliza nalitunzaje, kwahiyo naandika hapa mara moja ili nisirudie kila siku.

Kwanza jua unaandika kombe lipi

Usicheke, hapa ndo wengi wanaharibu. Huku kwetu neno kombe linabeba kila kitu, kuna Kombe la Mapinduzi kule Zanzibar mwezi wa kwanza, kuna Kagame la Afrika Mashariki na Kati, kuna Kombe la Muungano lililokufa likafufuliwa 2024, kuna Ngao ya Jamii ya kufungulia msimu, na kuna kombe la diwani ambalo zawadi ni mbuzi na jezi seti moja. Yote haya sio hili. Ukimuuliza mzee "mlichukua kombe mwaka gani" atakujibu kwa moyo mweupe kabisa kuhusu kombe lolote lililomkaa kichwani na wewe utaandika uongo bila yeye kudanganya.

Kombe la mtoano la taifa lina alama moja tu, linawakutanisha wa Ligi Kuu na wa madaraja ya chini hadi mabingwa wa mikoa, na ukifungwa unapanda basi unarudi nyumbani. Hakuna pointi, hakuna "tutajirekebisha mechi ijayo". Zamani liliitwa Kombe la Nyerere, lilikuwepo toka miaka ya 70, na bingwa wake alikwenda kucheza Kombe la Washindi la Afrika ambalo CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walilianzisha 1975 wakaja kuliunganisha na Kombe la CAF, na kuanzia 2004 likawa hili Kombe la Shirikisho tunalolijua. Letu la ndani likalala usingizi miaka mingi mpaka msimu wa 2015/16 lilipoamshwa kwa jina la Azam Sports Federation Cup, afu kuanzia 2023/24 linaitwa CRDB Bank Federation Cup. Mtaani tunasema FA na inatosha, ila juu ya kila ukurasa wa daftari andika jina la msimu ule ule, mana mjukuu wako akitafuta "CRDB" ya 2017 hatopata kitu atasema babu alikuwa anaota.

Na hiyo FA yenyewe jina ni la Uingereza. Mwaka 1871 katibu wa chama chao, Charles Alcock, alichukua mtindo wa mashindano ya mabweni ya shule aliyosoma, Harrow, akasema tufanye hivi hivi kwa vilabu, ukifungwa unatoka. Timu 15 zikajiandikisha, fainali ikapigwa tarehe 16 Machi 1872 kwenye uwanja wa kriketi wa Kennington Oval, London, Wanderers wakawafunga Royal Engineers 1-0. Nimeandika haya ukurasa wa kwanza wa daftari langu na sio kwa mbwembwe, kuna vitu viwili vya mwaka ule vitatusaidia huko chini, subiri.

Piga mistari upate vyumba saba

Fungua kurasa mbili zinazotazamana, chukua rula, piga vyumba saba. Mimi nina hivi: aliyefungwa, aliyemfunga, tarehe, uwanja, matokeo, walifikaje, nani kanambia. Umeona cha kwanza ni kipi. Aliyefungwa. Watu wote wanaanza na bingwa na ndo mana historia zao zote zinafanana, yani ukiandika mabingwa tu toka lifufuliwe mpaka 2025 unapata mistari kumi ambayo Yanga ni mara 5, Simba mara 3, Mtibwa Sugar mara 1, Azam mara 1, kwisha habari, funga daftari kalale. Hiyo unaipata hata kwenye simu.

Sasa anza na waliofungwa fainali uone daftari linavyofumbuka macho. 2016 Azam, 2017 Mbao, 2018 Singida United, 2019 Lipuli, 2020 Namungo, 2021 Yanga, 2022 Coastal Union, 2023 Azam, 2024 Azam tena, 2025 Singida Black Stars. Isome hiyo mara mbili. Mbao ya Mwanza, Singida United, Lipuli ya Iringa, wamefuatana miaka mitatu, na wote watatu walishuka Ligi Kuu msimu mmoja, 2019/20. Msimu mmoja! Na Ndanda yetu, Wana Kuchele, wakashuka kwenye lori hilo hilo. Mimi nimekaa na mpira miaka yote hii sikuwahi kuliona jambo hilo mpaka nilipoandika chumba cha waliofungwa. Ukiandika mabingwa huwezi kuliona kabisa.

Na linaendelea: Mbao walishushwa kwenye mechi za mchujo na Ihefu ya Mbeya, Ihefu hiyo hiyo ikahamia Singida na 2024 ikabadilishwa jina ikaitwa Singida Black Stars, ambao ndo walifungwa fainali ya 2025. Kwahiyo ukiona Singida 2018 na Singida 2025 usidhani ni timu moja imerudi, ni watu tofauti kabisa. Kwenye daftari timu iliyobadilisha jina iandike jina la siku ile, afu pembeni kwa penseli chora mshale kwenda jina jipya. Penseli, sio kalamu, mana wakubwa wa hizi timu hawaaminiki kwa majina.

Chumba cha uwanja

Hapa pana mtego na watu wa Kusini inabidi tuwe wa kwanza kuujua. Fainali ya 2016 Yanga alimpiga Azam 3-1, Tambwe mawili na Kaseke moja, ilichezwa Uwanja wa Taifa, Dar. Ukimwambia kijana leo atakwambia Kwa Mkapa. Sio kosa, ni uwanja ule ule, ila jina la Mkapa limekuja Julai 2020 alipofariki mzee wetu, na tangazo lilitolewa kwenye msiba. Sasa ukimkuta mzee anakusimulia mechi ya 1985 Uwanja wa Taifa, huyo anasema uwanja mwingine kabisa, ule wa jirani, unaoitwa Uhuru, Shamba la Bibi, mana wa sasa umefunguliwa 2007. Kwahiyo jina moja viwanja viwili, uwanja mmoja majina mawili. Andika jina la siku ile na mwaka uwe karibu yake.

Ukishajaza viwanja vya fainali, utagundua kombe hili linatembea kuliko kipa wa ndondo. Taifa 2016, Jamhuri Dodoma 2017, Sheikh Amri Abeid Arusha 2018, Ilulu Lindi 2019, Nelson Mandela Sumbawanga 2020, Lake Tanganyika Kigoma 2021, Arusha tena 2022, Mkwakwani Tanga 2023, afu New Amaan Zanzibar mara mbili, 2024 na 2025. Fainali ya ligi haipo, ligi bingwa anaweza kutangazwa popote hata siku ambayo hachezi, ila hili kombe liliamua kwenda kwa watu na ndo sababu mimi mtu wa Rahaleo ya hapa Lindi nikaiona fainali ya taifa kwa miguu, natoka nyumbani natembea tu.

Mtego mwingine wa jina ni wa madaraja. Mzee akikwambia "sisi tulikuwa daraja la kwanza" usimdharau, zamani daraja la kwanza ndo lilikuwa juu kabisa, hakuna juu yake. Watu wa Kariakoo ya Lindi na Bandari ya Mtwara wanaumia sana wakisikia vijana wanasema "aa kumbe hamkuwa Ligi Kuu".

Chumba cha matokeo

Kifupi tu. Matokeo ni ya dakika 90, kama imekwenda 120 sema, kama ni matuta, zile penati za kuamua mshindi mechi ikiisha sare, weka kando. Fainali ya 2022 Arusha watu wanasema Yanga alimfunga Coastal. Hapana. Ilikuwa 3-3 na Abdul Suleiman Sopu wa Coastal alifunga yote matatu, hat-triki kwenye fainali na kombe hakulipata, walitolewa kwa matuta 4-1. Ukiandika "Yanga kashinda" unakuwa umemfuta Sopu. 2024 vile vile, 0-0 na Azam, matuta 6-5. 2017 Dodoma ni dakika 120, Mbao walimbana Simba mpaka dakika za mwisho kabisa ndo Kichuya akafunga kwa penati ikawa 2-1. Penati ya ndani ya mchezo sio matuta, tafadhali, nimeona mtu kaandika hivyo nikashindwa kula.

Kuna na mechi zisizoisha. Nusu fainali ya 2016 kule Tanga, Coastal na Yanga, ilivunjika kwenye muda wa nyongeza Yanga akiwa mbele 2-1 kwa sababu ya vurugu za jukwaani. Hiyo niliiandika matokeo afu nikaongeza neno "ilivunjika". Neno moja tu linatosha.

Jina la mfungaji liandike lile la kwenye orodha ya timu na lile la mtaani. Hapa ndo nakurudisha 1872. Yule aliyefunga goli pekee la fainali ile ya London aliandikwa A. H. Chequer, na hakuna mtu huyo, lilikuwa jina la kujificha la Morton Peto Betts. Yani goli la kwanza la fainali ya kwanza ya FA lina jina la uongo. Sasa wewe unashangaa nini kwenye ndondo za Mikumbi ambako nusu ya kikosi kinacheza kwa leseni za kaka zao.

Kuuliza wazee (na vijana wanaojua kila kitu)

Magazeti yanasaidia, ukienda Dar Maktaba Kuu kuna Uhuru na Mzalendo za zamani, na Mwanaspoti toka 2001. Ila gazeti linasema "jana", kwahiyo tarehe ya juu ya gazeti sio tarehe ya mechi, toa siku moja, na kama ni toleo la wiki usitoe kichwani, soma ndani. Bibi yangu alikuwa anafungia korosho za kukaanga kwenye magazeti na kuna mechi moja ya Bandari niliyosoma nusu, matokeo yaliliwa na mafuta.

Kwa huku kwetu chanzo kikubwa ni midomo ya watu, na mdomo una utaratibu wake. Salamu kwanza, shikamoo babu, ulizia korosho, ulizia miguu, kunywa kinachotolewa. Usitoe daftari mapema, mzee akiona kalamu anaanza kuongea kama yuko redioni. Na usimuulize matokeo. Narudia, usiulize matokeo, mana matokeo ndo kitu cha kwanza kuharibika kichwani, mtu timu yake ilishinda mara kumi anaikumbuka kama mara hamsini. Muulize safari. Mlikwenda na gari gani, mlilala wapi, nani alitapika, mlikula nini, nani alibaki kwa kukosa nauli.

Kile kisa cha jamaa wa Mtwara ndo kilinifundisha hili. Ubishi ulipopoa nikamwambia, njomba, tuache uwanja, we siku ile ulifuturu wapi? Akacheka akasema, a'a nakumbuka vizuri sana, tulifuturu Mnazi Mmoja ya huku Lindi, pale njia panda, Kosta ilisimama tukanunua tende na uji. Akanyamaza. Sisi wote tukanyamaza. Mtu anayekaa Mtwara na mechi imechezwa Mtwara anafuturuje Mnazi Mmoja akirudi nyumbani? Akashika paji la uso akasema, "Lahaulaa, kumbe nilikuja huku." Mwezi ule ule alikuwa ameshakwenda Nangwanda kuangalia Ndanda, zikachanganyika. Fainali ilikuwa Jumamosi tarehe 1 Juni 2019, kumi la mwisho la Ramadhani, siku chache kabla ya Idi, kwahiyo swali la futari haliwezi kukosa jibu. Kichwa kinasahau uwanja ila tumbo halisahau.

Basi kwa kila mechi tafuta kigingi cha kufungia kamba. Kwa wazee wa huku vigingi vizuri ni Vita vya Kagera 1978 na 1979, kifo cha Mwalimu Oktoba 1999, na daraja la Mkapa pale Rufiji lililofunguliwa 2003. Hilo la tatu ni dhahabu. Ukimuuliza "mlivuka Rufiji kwa kivuko au kwa daraja?" umepata mechi ni kabla au baada ya 2003 bila yeye kukumbuka mwaka wowote. Msimu wa korosho pia unasaidia, kama watu walikuwa na hela ni kuanzia mwezi wa kumi, kama mashabiki walikwenda kwa mkopo ni masika.

Kila habari tafuta mashahidi wawili na wasikae pamoja. Wakikaa pamoja mmoja atamfuata mwenye sauti. Na usinunue habari kwa kangomba, mnajua ninachosema, ile mtu ana shida anakupa mzigo mzima wa korosho kwa bei ya kopo, we mzee unampa buku anakutungia msimu mzima. Mpe kahawa inatosha. Jina lake liweke chumba cha mwisho ila akikataa andika tu "mzee wa Mtanda" na mwenyewe unamjua.

Chumba cha walifikaje

Hiki ndo chumba changu ninachokipenda na ndicho watu hucheka. Turudi 1872 mara ya mwisho. Nusu fainali Queen's Park walitoka Glasgow kwenda London, wakawabana Wanderers 0-0, ikabidi warudiane, na hawakuwa na hela ya kubaki wala ya kurudi tena. Wakajitoa. Wanderers wakaenda fainali wakabeba kombe. Kwahiyo toka siku ya kwanza kabisa kombe la mtoano nauli nayo inacheza namba tisa. Nani kati yetu huku Kusini hajawahi kusikia timu ya mkoa imekwama stendi?

Wazee walionisimulia enzi za kivuko cha Ndundu wanakwambia masika yakianza barabara ya Kibiti kuja huku ilikuwa tope mpaka kwenye mlango wa basi, timu inaweza kulala njiani, siku ya mechi wanashuka wamevimba miguu wanavaa viatu vya mpira papo hapo. Matokeo ya mechi hiyo utayaandikaje bila kuandika tope?

Ndo mana ukurasa wa Namungo kwenye daftari langu ni mrefu kuliko yote, nimeunganisha na karatasi za gundi. Timu ya Ruangwa, Wauaji wa Kusini, walipanda Ligi Kuu 2019, msimu wao wa kwanza tu wakamaliza nafasi ya 4, na kwenye FA wakaenda mpaka fainali. Msimu ulisimama Machi kwa ajili ya korona ukarudi Juni. Nusu fainali Simba akamfunga Yanga 4-1, nchi nzima ikaongea hiyo, na huku pembeni Namungo akawatoa Sahare All Stars 1-0 Tanga, hakuna aliyeongea. Fainali ikapangwa Sumbawanga. Chukua ramani, weka kidole Ruangwa, kingine Sumbawanga, ni pembe hii ya nchi na pembe ile. Na angalia wiki yenyewe ilivyokuwa: tarehe 29 Julai 2020 mzee Mkapa amezikwa kijijini kwao Lupaso, Masasi, tarehe 31 Idi ya kuchinja, tarehe 2 Agosti fainali. Huku kwetu ile wiki watu walilia, wakachinja, wakakaa kwenye redio, vyote ndani ya siku tano. Simba alishinda 2-1, Miquissone na Bocco, letu akafunga Edward Manyama.

Sasa kama ungeandika bingwa tu, ungeishia hapo. Ila aliyefungwa yule ndo alisafiri. Simba alikuwa ameshachukua ligi anaenda Ligi ya Mabingwa, nafasi ya Kombe la Shirikisho ikaangukia kwa Namungo. Wakamtoa Al Rabita ya Sudan Kusini, wakamtoa Al Hilal Obeid ya Sudan, wakafika Angola kucheza na Primeiro de Agosto wakazuiwa kwa mambo ya vipimo vya korona, mechi haikuchezwa, CAF wakaamua zote mbili zipigwe Tanzania. Chamazi, 6-2, afu marudiano wakafungwa 3-1, jumla 7-5 wakaingia makundi na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Kule makundi walipigwa, sitaki kuongea sana. Lakini timu kutoka Ruangwa, mahali ambapo ukimwambia mtu wa Dar anauliza "ni kabla ya Songea?", imewekwa kundi moja na Raja. Na njia iliyowapeleka ni kufungwa fainali. Chumba cha walifikaje hapo kimejaa mpaka pembeni.

Ndanda nao wana mstari wao, robo fainali 2016, walikwenda Dar wakafungwa na Yanga 2-1. Mfupi, ila upo. Na Lipuli 2019 usisahau walikuja Ilulu baada ya kumtoa Yanga nusu fainali kwao Iringa, Wanapaluhengo, wakafungwa na goli moja la Obrey Chirwa. Niliwaona wachezaji wao baada ya mechi wamekaa chini kwenye majani, na wengi wetu uwanjani tuliwapigia makofi wao kuliko bingwa, nadhani ni undugu wa watu wa mikoani.

Kulitunza

Hewa ya bahari inakula karatasi. Lindi na Mtwara usiweke daftari kwenye rafu ya ukutani upande wa pwani, liweke kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku, na kila ukurasa ukijaa piga picha kwa simu umtumie mtu mwingine, mimi namtumia shangazi yangu Masasi ambaye hajui hata ofsaidi ila simu yake haipotei. Acha kurasa wazi kwa raundi za mwanzo, 64 bora na 32 bora, huko ndo kuna vichekesho na ndo kunasahaulika haraka. Kalamu ya bluu ya mpira, zile za wino wa maji zinatoka jasho.

Afu lisomwe, daftari lisilosomwa linaliwa na mende. Ijumaa baada ya chakula tunakaa kijiweni nafungua popote nasoma vyumba viwili vitatu tu, kama aliyefungwa na uwanja, wao wanitajie vilivyobaki, anayekosa analipa kahawa ya wote. Nikisema "Yanga, Lake Tanganyika" watu wa Simba wanaruka kabla sijamaliza, 2021, moja bila, Taddeo Lwanga, wanataja mpaka hali ya hewa. Ila nikisema "Simba, Chamazi, Desemba 2017" pale panakuwa kimya, mana hiyo ni Green Warriors, timu ya daraja la pili, waliomtoa bingwa mtetezi kwa matuta, na nikifunua ukurasa wa mbele yake nikasema "Simba, Mashujaa, 2018" na wa mbele zaidi "Simba, Mashujaa tena, 2024, matuta", utaona wazee wawili watatu wa Msimbazi wanatafuta kofia zao wanasema wanawahi msikitini, na adhana ya alasiri bado nusu saa nzima.